AC MBILI KWENYE KONTENA AU GARI LA BIASHARA: PIGA HESABU YA UMEME KABLA HUJANUNUA YA PILI



Kila joto la Dar likianza kupanda, kuanzia Desemba mpaka Machi, meseji ni zile zile: "Nina duka la kontena, AC moja haitoshi, nikifunga ya pili umeme utabeba?" Wengine wana Coaster au Hiace waliyoigeuza duka, leo wako Tegeta, kesho Mbagala, nao wanauliza hivyo hivyo.

Jibu fupi: inawezekana. Ila ukiingia bila hesabu, utaunguza waya, utaua kompresa, au utakuwa unapeleka faida yote kwenye LUKU. Kwa sisi tunaouza mtandaoni hasara yake haiishii kwenye umeme. Chokoleti inaanza kulegea kwenye nyuzi 34 hivi, siagi ya shea na lipstiki nazo hazipendi joto, na kontena lililofungwa juani linapita hapo mapema tu. Mteja wa Bunju akipokea mzigo umeyeyuka, atataka hela yake, na picha ataituma kwenye magrupu kabla hujamaliza kumwomba radhi.

Twende hatua kwa hatua.

1. PUNGUZA JOTO KABLA YA KUONGEZA AC

Kontena la futi 20 ndani lina kama mita 5.9 kwa 2.35, yaani eneo la mita za mraba 14 hivi. Chumba cha tofali cha ukubwa huo, AC moja ya BTU 9,000 au 12,000 inakitosha kabisa. Kontena linashindwa kwa sababu ni chuma kitupu. Jua la saa nane likipiga paa, AC yako inapambana na paa siku nzima.

Kwa hiyo kabla hujaenda Kariakoo kuulizia AC ya pili, fanya haya:

- Weka paa la pili la bati au makuti juu ya kontena, acha nafasi ya kama futi moja katikati ili upepo upite. Hii ndo inasaidia kuliko zote.
- Paka paa rangi nyeupe.
- Ndani, weka foamu halafu funika na plaiwudi au jipsamu bodi, hasa juu na ukuta wa upande wa magharibi.
- Mlangoani weka mapazia yale ya plastiki ya vipande. Mlango ukibaki wazi siku nzima, unapoza barabara.
- Taa za zamani zinazotoa joto badilisha, weka LED, hasa kama unafanya laivu na taa nyingi usoni.
- Mashine ya nje ya AC iwe kivulini na ipate upepo. Usiibane kwenye kona.

Jambo lingine: angalia nini hasa kinahitaji baridi. Kama bidhaa zinazoyeyuka ni maboksi matatu tu, friji ndogo inayokula wati 150 inamaliza kazi. Chokoleti ifunge kwenye chombo kisichopitisha hewa ili isitoke jasho ikitolewa. Hapo umeokoa bei ya AC nzima na umeme wake wa kila mwezi.

Ukishafanya hayo na bado joto linakushinda, au una kontena la futi 40, au umegawa kontena mbele wateja nyuma stoo, hapo AC ya pili ina maana.

2. KWA NINI MBILI NDOGO NA SIYO MOJA KUBWA?

Watu wengi wanadhani AC moja ya BTU 18,000 ni sawa na mbili za 9,000. Kwenye kupoza zinalingana kwa makaratasi, ila kwenye matumizi zinatofautiana.

Mbili ndogo: usiku unaacha ya stoo tu, ya mbele unazima. Moja ikifa, mzigo haufi. Na kwenye jenereta unaweza kuziwasha moja moja, kila moja inadai umeme mdogo wakati wa kuanza.

Moja kubwa: gharama ya kufunga ni moja, sevisi ni moja, na tundu la kutoboa ni moja. Ila ikizingua siku ya Jumamosi, umebaki na oveni.

Kama kontena halina kizigo katikati na unafunga jioni bila kuacha bidhaa za kuyeyuka, moja inatosha. Ukiwa na stoo ya kulinda, chukua mbili.

3. HESABU YA UMEME, NI RAHISI TU

Umeme wetu ni volti 230. Kanuni ni hii: wati gawanya kwa volti unapata ampia. Ampia ndizo zinazochemsha waya na kuangusha breka.

Angalia kibandiko kwenye AC yako. Hapa tuchukue mfano wa BTU 12,000 ya kawaida inayokula wati 1,100 ikiwa inatembea. Gawa kwa 230, ni kama ampia 5. Mbili ni ampia 10. Mpaka hapo unaona mbona kawaida?

Sasa ongeza vitu vingine vya dukani:

- AC mbili: wati 2,200
- Jagi la kuchemshia maji: 2,000
- Pasi ya kunyooshea nguo kabla ya kupiga picha: 1,200
- Friji ndogo: 150
- Taa na chaja: 100

Jumla wati 5,650. Gawa kwa 230, ni karibu ampia 25 kwa wakati mmoja. Kama umeme wako umevutwa kutoka fremu ya jirani kwa waya mwembamba, hapo ndo unaanza kusikia harufu ya plastiki kuungua.

Tabia ya kwanza ya kujifunza: AC mbili zikiwa zinatembea, pasi na jagi visubiri. Zima AC ya mbele dakika kumi, nyoosha nguo zako, washa tena. Haina gharama yoyote.

4. KUWASHA NDIYO SHUGHULI

Kompresa ya AC ya kawaida ikianza kuzunguka, kwa muda mfupi sana inavuta umeme mara nne, tano, hata zaidi ya ule wa kutembea. Ile ya ampia 5 inaweza kugonga 20 au 25 kwa kufumba na kufumbua. Zikianza mbili pamoja, breka inaanguka, taa zinafifia, jenereta inakohoa na kuzima.

Sasa fikiria umeme umekatika halafu umerudi. AC nyingi zinajiwasha zenyewe. Mbili zinaamka pamoja, friji nayo inaamka, na mtaa mzima unaamka kwa wakati huo huo. Ndiyo maana vitu vingi vinaungua umeme ukirudi kuliko ukikatika.

Dawa zake:

- Funga gadi kwenye kila AC. Gadi inakata umeme ukiwa mdogo sana au mkubwa sana, na ukirudi inasubiri kwanza. Chagua zile za kupanga muda, moja isubiri dakika moja, nyingine dakika nne. Hapo hazitaamka pamoja kamwe. Hakikisha gadi ni ya AC, ile ya friji ni ndogo.
- Ukiwa unanunua mpya, chukua AC ya inveta. Hii inaanza polepole na kuongeza mwendo kidogo kidogo, haina ule mshtuko. Na chumba kikishapoa inapunguza mwendo, hivyo uniti zinaenda taratibu.
- Kama AC zako ni za kawaida, muulize fundi kifaa cha kuilainishia kompresa mwanzo wake. Kipo, kinafungwa kwenye mashine ya nje.

Angalizo: AC ya inveta na inveta ya betri ni vitu viwili tofauti. AC ya inveta haitembei bila umeme. Kuna watu wanauziwa kwa maneno hayo hayo, kuwa makini.

Na jioni, mtaa mzima ukiwasha vitu, volti zinaweza kushuka mpaka 190 au chini ya hapo. Wengi wanadhani umeme mdogo hauna madhara. Kompresa ya kawaida kwenye umeme mdogo inalazimisha, inavuta ampia nyingi zaidi na inachemka. Ukiona feni inazunguka kichovu na hewa haipoi, zima AC, usiing'ang'anie.

5. WAYA, BREKA NA ETHI

Hapa usiruke hata mstari mmoja, maana hapa watu wanakufa.

Kila AC iwe na laini yake kutoka kwenye breka. Waya wa shaba wa 2.5 na breka ya ampia 16 au 20 ndiyo kawaida kwa AC za 9,000 na 12,000. Umbali ukiwa mrefu, fundi ataenda kwenye waya wa 4.

Usichomeke AC mbili kwenye ekstensheni moja. Plagi yetu ya pini tatu ni ampia 13, na nyaya za ndani ya ekstensheni nyingi ni nyembamba kuliko inavyoonekana kwa nje. Zile ekstensheni za kuviringa kwenye gurudumu ndo hatari zaidi: ukiiacha imeviringwa huku inabeba AC, joto halina pa kutokea na inajiyeyusha yenyewe. Ikunjue yote.

Ethi: kontena ni chuma, gari ni chuma. Waya ukichubuka na kugusa bodi, duka zima linakuwa na umeme. Mteja anashika mlango wakati wa mvua za masika, miguu kwenye maji, imeisha hiyo. Ethi lazima iende ardhini kwenye fimbo yake, na iwepo ile swichi inayokata haraka umeme ukivuja. Usikubali fundi akwambie "hii haina shida boss, wote wanafunga hivi." Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, mwonyeshe hesabu yako ya wati, na kama umeme ni wa kuazima kwa jirani, nenda TANESCO uombe mita yako.

6. JENERETA

Mgao wa mwishoni mwa 2023 mpaka mwanzoni mwa 2024 ulitufundisha wengi kununua jenereta. Lakini ukubwa wake unahesabiwa kwa ile nguvu ya kuanzia.

AC ya kwanza inatembea: wati 1,100. Ya pili inaanza: chukua mara nne, ni 4,400. Jumla 5,500 kwa muda ule mfupi. Jenereta iliyoandikwa kVA 5 mara nyingi inatoa kama wati 4,000, maana kVA si sawa na kilowati. Kwa hiyo inaweza kushindwa AC mbili za kawaida, wakati AC mbili za inveta inazibeba vizuri. Unaona jinsi aina ya AC inavyokuamulia bei ya jenereta?

Washa jenereta kwanza, iache itulie dakika mbili tatu. Washa AC ya kwanza. Subiri dakika tano. Ndipo ya pili. Kuzima ni kinyume chake.

Mafuta: chukua mfano wa lita moja na nusu kwa saa. Saa 6 ni lita 9. Zidisha na bei kikomo ya petroli wanayoitangaza EWURA kila mwezi, halafu jiulize mauzo ya siku hiyo yanalipa. Mara nyingi jibu ni kuwasha AC ya stoo peke yake, mbele weka feni.

NA HILI LISOME MARA MBILI. Jenereta haiwekwi ndani ya kontena, ndani ya gari, chini ya gari, wala karibu na dirisha. Moshi wake una gesi ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Anayelala ndani kulinda mzigo hatajua kitu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, mtu anadhani amechoka tu. Iweke nje, umbali wa mita 6 au zaidi, bomba la moshi litazame mbali na duka lako na la jirani. Kama unaogopa wezi, tengeneza kizimba cha nondo chenye upepo hapo hapo nje.

Pia usirudishe umeme wa jenereta kwenye soketi kwa waya wenye plagi dume pande zote mbili. Unaweza kumuua fundi wa TANESCO aliye kwenye nguzo. Funga chenji ova.

7. WENYE MAGARI: COASTER, HIACE NA WENGINE

Wenzetu Marekani wana magari ya nyumba yenye AC mbili au tatu juu ya paa, na tatizo lao ni hili hili. Umeme wao ni volti 120. Gari lenye laini ya ampia 30 linapata wati 3,600 tu, AC mbili pamoja zinaishinda. Ndiyo maana magari makubwa yanatumia laini ya ampia 50 yenye njia mbili, jumla wati 12,000. Wenye laini ndogo wanatumia kifaa kinachozipokezanisha kompresa: moja ikipumzika nyingine inafanya kazi. Sisi tunaweza kufanya hivyo kwa mkono au kwa taima.

Mambo ya kuangalia kwako:

- Gari lililotoka Japani na vifaa vya kulala ndani, AC na friji zake za plagi ni za volti 100. Za Marekani ni 120. Ukichomeka kwenye 230 unaaga navyo. Soma kibandiko kwanza.
- Split ya nyumbani haikutengenezwa kutembea barabarani. Mabomba yake yanatikisika, maungio yanalegea, gesi inavuja. Fundi akifunga, aweke raba za kuzuia mtikisiko na mabomba yashikwe kila baada ya sentimita chache. Kila mwezi kagua maungio, ukiona mafuta mafuta hapo, gesi inatoka.
- AC ya dashibodi inaendeshwa na injini. Kuliacha gari linaunguruma masaa sita limeegeshwa ni kuchoma mafuta, na moshi unaweza kurudi ndani.
- Betri: ya volti 12 yenye 200Ah ina wati-saa 2,400. Ya asidi unashauriwa utumie nusu, yaani 1,200. AC moja ya wati 1,100 inaimaliza kwa saa moja hivi. Mbili, nusu saa. Ya lithiamu inaenda mbele kidogo, kama saa moja na nusu kwa AC moja.
- Sola: paneli nne za wati 300 juu ya Coaster ni wati 1,200 kwenye jua kali la mchana, na hiyo ni kwa makaratasi. Inasaidia AC moja ndogo mchana. Mtu akikwambia itabeba mbili mpaka usiku, mwambie aandike kwenye risiti.

Kwa Hiace, ushauri wangu ni AC moja ya 9,000 ya inveta, foamu nzuri kwenye paa na milango, pazia la vioo, na uegeshe chini ya mti. AC mbili waachie wenye Coaster wanaopata umeme wa uhakika wanapoegesha.

8. KWA MWEZI INAKULA SHILINGI NGAPI?

Chukua risiti yako ya LUKU, gawa hela uliyolipa kwa uniti ulizopata. Hiyo ndiyo bei yako halisi, na kodi na tozo zimo. Kwa mfano huu tutumie shilingi 356.

AC mbili ni kilowati 2.2. Duka wazi saa 10. Kama umepunguza joto vizuri, kompresa inafanya kazi kama asilimia 60 ya muda, ni uniti 13.2 kwa siku. Siku 26 ni uniti 343. Mara 356, unapata kama shilingi 122,000.

Kontena kavu juani, kompresa haipumziki: uniti 22 kwa siku, 572 kwa mwezi, kama shilingi 203,000.

Tofauti ni shilingi 81,000 kila mwezi. Hiyo inasaidia kurudisha hela ya foamu, rangi na bati la juu. Ndiyo maana nimeanza na paa.

Weka joto la AC 25 au 26, usiweke 16 ukidhani itapoza haraka. Haiongezi kasi, inazuia tu kompresa kupumzika. Safisha chujio kila wiki mbili, vumbi la barabara zetu ni jingi.

KABLA HUJALIPA, JIBU HAYA

1. Paa nimelifunika na foamu nimeweka?
2. Naweza kuweka zinazoyeyuka kwenye friji badala ya kupoza duka zima?
3. Jumla ya ampia zangu ni ngapi vitu vyote vikiwaka?
4. Kila AC ina laini yake, breka yake na gadi yake?
5. Ethi ipo na fundi ameipima mbele yangu?
6. Jenereta itakaa wapi, na nani analala humo?
7. Faida ya mwezi inabeba LUKU hiyo?

Ukikwama namba 5 au 6, simamisha kila kitu kwanza. Mzigo unanunuliwa tena. Na namba ya Zimamoto, 114, ibandike ukutani mahali kijana wako wa dukani anaiona.

Mtumie na mwenzako mwenye kontena, hasa kama umeona ekstensheni yake imeviringwa. Joto haliko mbali.